Breka ya Wifi na Mayai ya Watu

Asubuhi hiyo nilifunga kibanda changu pale Rusumo, nikamwachia ufunguo jirani yangu muuza chai, nikaenda kusimama kando ya foleni ya malori. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa nimemaliza kutengeneza chaja ya wakala mmoja wa forodha, nikaiweka mezani, nikatazama ukuta, na ukuta ukanichosha. Miguu yangu ndivyo ilivyo tangu utoto. Ikianza kuwasha, dawa yake ni barabara.

Dereva mmoja niliyemfahamu, anaitwa Sudi, alikuwa ameshusha mzigo ng'ambo na sasa anarudi na lori tupu kuelekea Kahama. Akaniuliza naenda wapi.

"Mbele."

"Mbele ya wapi, mzee?"

"Utakaposimama nitakwambia."

Akacheka, akanifungulia mlango, na nikapanda na begi langu mapajani.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kushika bisibisi, na nyinyi mnaoshika simu zaidi ya bisibisi. Mimi nimeacha kazi. Mkono wa kulia unatetemeka, na kuchomea waya mwembamba kama unywele juu ya nukta ndogo kuliko punje ya ulezi kunataka mkono uliotulia. Kichwa bado kinauliza maswali, mkono ndio umekataa. Basi nitasema, nyinyi mtafanya.

Begi lenyewe lilikuwa la mtoto wa shule, lenye picha ya katuni iliyokwisha kufutika. Shule ndiyo niliyoiacha mapema, begi nikalipenda. Ndani mlikuwa na chuma cha kuchomea risasi, mita, koleo ndogo, nyaya za rangi nne, laptopu ya zamani iliyong'oka herufi P, na kidude kinachounganisha laptopu na chipu, ambacho mimi nilikiita daraja. Hiyo P ilinitesa. Kila neno lililokuwa nayo nililitafuta mahali lilipokwisha andikwa, nikalinakili. Nimeandika maelfu ya mistari kwa namna hiyo, kama mtu anayeomba chumvi kwa majirani.

Sasa, breka. Ya kawaida mnaijua: umeme ukizidi inakata, unaipandisha tena kwa kidole. Breka ya wifi ni ile ile kwa sura, inakaa kwenye boksi la ukutani pamoja na wenzake, ila ndani ina chipu yenye redio ndogo. Uko sokoni, unaiamuru kwa simu ikate au irudishe. Watu wetu waliipenda mara moja. Mwenye pampu aliitaka, mwenye mashine ya kusaga aliitaka, mwenye friji la samaki aliitaka. Ubaya wake hawakuambiwa dukani. Ukibonyeza simu ukiwa umekaa kijijini Kanazi, amri yako haiendi kwenye breka iliyo nyuma ya mgongo wako. Inapanda mnara, inavuka bahari, inafika kwenye seva ya waliotengeneza, inapokelewa huko, halafu ndipo inarudi Kanazi. Bando likiisha, au wenye seva wakichoka nayo, umebaki na tofali.

Dawa ya tofali ni programu huria. Kuna watu duniani, sijaonana na hata mmoja, wanaoandika programu za vidude hivi na kuziacha wazi, yeyote achukue, asome, abadilishe. Unaitoa ile ya kiwandani, unaweka hii, na breka inaanza kusikiliza ruta ya nyumba yako peke yake. Bando liwepo, lisiwepo, haijali. Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza sikulala vizuri. Nilikuwa na breka mbovu iliyotupwa nyuma ya ofisi za mawakala, na simu yenye kutafsiri Kiingereza kwa taabu. Nilisoma mabaraza ya mtandaoni ya mafundi wa nchi za mbali, sentensi baada ya sentensi, mpaka ile breka ikawasha taa yake ya buluu. Nikatoka nje kumwonyesha muuza chai. Akaniuliza taa hiyo inafanya nini. Nikamwambia inawaka. Akanipa chai.

Hapa mnisikilize hata kama mengine mtayaruka. Breka unayotaka kuiflashi, yaani kuibadilishia programu, isiwe ukutani. Itoe, iweke mezani, iwe haina hata uzi mmoja unaogusa umeme wa nyumba. Pale mezani inakula volti tatu na kidogo kutoka kwenye daraja, basi. Anayeunganisha laptopu na breka iliyo hai atakufa yeye au itakufa laptopu, na mara nyingi hawaachani. Nakili programu ya zamani kabla hujaifuta. Waya wa kusema wa upande huu uende kwenye waya wa kusikia wa upande ule, mdomo kwa sikio. Nilipoteza siku nzima Kanazi nikiunganisha mdomo kwa mdomo, nikawalaumu waandishi wa programu, nikalaumu daraja, nikalaumu joto. Na breka hii msiifanye mlinzi wa peke yake. Mbele yake acheni breka ya kawaida, isiyojua simu wala mtandao, ile inayojua kukata tu.

Aliyenitia kwenye kazi hii hakuwahi kuiona wifi. Alikuwa Mzee Zakaria wa Ntobeye, fundi wa redio, Mhangaza mwenye pua. Nasema pua kwa maana yake. Redio ikiletwa, kabla ya kuuliza ina shida gani, aliifungua mgongo akainusa. Transfoma iliyoungua ina harufu ya sukari, alisema, na kipande kidogo kilichoungua kina harufu ya nywele. Wateja walidhani anafanya uganga. Siku moja alinusa redio ya katekista akasema, "Hii ina panya." Tukacheka, akaipindua, wakatoka watoto wa panya wanne wasio na manyoya. Katekista alisema ndiyo maana ilikuwa inalia wakati imezimwa.

Niliporudi kumsalimia miaka ya karibuni, nikamwekea breka mkononi. Akainusa pande zote, akanirudishia. "Haina kitu." Nikamwambia imekufa, ila kilichokufa ni programu. Akauliza mtu atajuaje ugonjwa usio na harufu. Swali hilo sijalimaliza mpaka leo. Mimi nilizoea kusikiliza maneno ya mwenye kitu. Kwenye programu, harufu iko kwenye maneno.

Ndiyo maana nawapa kisa cha Kanazi, cha mwenye mashine ya kusaga. Nimeflashi vizuri, nimeirudisha ukutani, naipa jina la ruta na neno la siri. Neno la siri, anasema, ni karibukanazi, herufi ndogo zote. Naandika. Inakataa. Anarudia, karibukanazi, na mimi narudia. Tumebishana mpaka wateja wa unga wakaanza kutusaidia kutamka. Mwisho nikamwambia aandike kwenye simu yake mwenyewe, nitazame kidole. Akaandika kalibukanazi. Ndivyo ilivyoandikwa siku ya kwanza na ndivyo ruta ilivyoikubali. Kwetu R na L huazimana nguo, na sikio halioni tofauti. Tangu hapo neno la siri sitajiwi, naandikiwa.

Turudi kwenye lori. Tulipita Benaco, tukaingia kwenye lile pori refu ambalo zamani magari yalilipita kwa msafara. Sudi alikuwa anasimulia habari za matairi. Mimi nilitazama miti inakimbia, na ndani yangu nikakimbia nayo. Nilikuwa nimepita barabara hiyo mara nyingi zisizohesabika, lakini Nyakahura sikuwahi kuikanyaga. Ilikuwa kwangu mstari wa vibanda dirishani. Sudi akasimama pale kupiga tairi kwa nyundo.

Kando ya kibanda cha mihogo ya kuchoma alisimama mama mmoja, mrefu, ushungi umeteleza shingoni, anaongea na simu kwa sauti ya kuitisha kijiji.

"Wifi kafa tangu alfajiri," alikuwa anasema. "Kafa kabisa. Na mayai ya watu yako ndani yanapoa."

Sudi akavua kofia. Ni kijana mwenye adabu. Akamsogelea, akangoja amalize simu, akamwambia, "Pole sana, mama. Mazishi ni lini?"

Mama akamtazama kama anayetafuta mahali pa kuanzia. Pembeni yake alikuwepo mwanamke mwingine, mfupi, kanga kiunoni, anamenya muhogo. Akasema bila kuinua macho, "Wifi ni mimi. Nipo."

Nilipomaliza kucheka nilikuwa peke yangu katika kucheka, kwa sababu yule mama alikuwa ameshika kichwa. Nikamuuliza kilichokufa ni ruta au ni breka. Mikono ikashuka.

"Wewe ni nani?"

"Gaspari, fundi. Napita."

"Usipite," akasema.

Nikamgeukia Sudi nikamwambia nimefika. Aliuliza kama ni hapa kweli. Nikamwambia si amesimama.

Yule mama ni Mama Sharifa. Yule aliye hai ni Rehema, mke wa kaka yake, na kwa kuwa waliitana wifi kutwa nzima, mchana ule nilikuwa na wifi mbili za kuzitofautisha. Njiani kuelekea nyumbani, kwa hatua za haraka, nilipata habari yote. Mama Sharifa alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga, aliyotengenezewa kutokana na kabati la nguo. Wanawake wa vijiji vya jirani humletea mayai ya kuku wao wa kienyeji, yeye huyatotoa, wanagawana vifaranga. Mzunguko uliopita umeme ulikatika, mayai yakaharibika, akalazimika kuwarudishia wenyewe mayai yanayonuka. Wakasema yaishe. Ndipo akanunua breka ya wifi, aina yenye tundu la waya wa kupimia joto. Waya uko ndani ya kabati. Joto likizidi breka inakata, likishuka inarudisha, na yeye anaona namba kwenye simu hata akiwa kijiji cha tatu. Alfajiri ile umeme ulikatika kidogo ukarudi, breka haikurudi. Simu ikamwandikia kwa Kiingereza; aliponipa nisome, ilisema huduma hiyo imesitishwa.

"Yamebakiza siku chache kupasuka," alisema. "Haya yakifa, hakuna atakayeniletea hata yai la kukaanga."

Akafungua mlango wa kabati kidogo, nichungulie. Kila yai lilikuwa na alama ya penseli ya mwenyewe: msalaba, mwezi, samaki, jembe, herufi moja moja. Niligusa moja kwa mgongo wa kidole. Lilikuwa vuguvugu, na vuguvugu linaloelekea kubaya.

Jambo la kwanza, vijana, ni kuokoa mgonjwa. Mashine haikuwa na kidhibiti joto kingine, kwa hiyo nilichomeka koili ya kupashia moja kwa moja kwenye soketi, nikamkalisha Rehema mbele ya kioo cha mlango wa kabati, kipimajoto cha kawaida kikining'inia ndani. Likifika hapa, chomoa. Likishuka hapa, chomeka. Akauliza muhogo wake ataulia kwa mkono upi. Lakini alikaa, na hakubabaika. Feni ya ndani ilikuwa na laini yake kutoka kwenye betri ya sola, ikivuma wakati wote.

Nikazima meni swichi ya boksi, nikapima kwa mita, nikapima tena, nikaitoa breka, kisha nikawasha meni ili soketi ya Rehema isikose umeme. Nilitoboa ribiti zake, nikafungua ganda. Bahati ilikuwa upande wetu, chipu ilikuwa ya zile zinazokubali. Siku hizi kuna nyingine hazikubali, mkikutana nazo msipoteze siku. Nikachomea nyaya nne, mdomo kwa sikio, nikabana waya wa tano kwenye ardhi yake, yaani upande wa hasi, ili chipu iamke ikiwa tayari kupokea. Mstari ukaanza kutembea kwenye laptopu. Mama Sharifa alisimama nyuma yangu akiuliza umefika wapi, kama abiria. Nikamuuliza neno la siri la ruta, nikampa simu aandike mwenyewe.

Breka ilipoamka, nilianza kuielekeza. Mguu huu wa chipu ni wa kukata na kurudisha. Mguu huu ni wa kitufe. Huku kuna kipimajoto. Likizidi, kata. Likipungua, rudisha. Umeme ukikatika na kurudi, usingoje kuambiwa, rudisha. Na mkono wa mtu uishinde kanuni, kwa sababu mwenye mashine lazima awe na neno la mwisho.

Kwa kuwa Mama Sharifa hasomi Kiingereza, nikaandika ukurasa wa simu kwa Kiswahili. Hapo nilijisikia vizuri sana. Vibonyezo viwili, FUNGUA na FUNGA, na juu yake hali ya breka kwa herufi kubwa. Nikazima meni tena, nikarudisha kila kitu ukutani, nikawasha. Simu ikaonyesha IMEFUNGWA, koili ikapata moto, namba ikapanda mpaka thelathini na saba na nusu. Ikakata yenyewe, ikarudi yenyewe. Tulitazama mizunguko kadhaa. Rehema akapewa ruhusa ya kuinuka.

Jua lilikuwa limeanza kulegea. Nikasema naenda kunywa chai na kutafuta pa kulala, kesho nitajua naelekea wapi. Nilishuka mpaka barabarani, nikaingia nyumba moja ya wageni yenye zulia jekundu. Mhudumu akanionyesha chumba kilichoangalia spika za baa. Nilikuwa nauliza kama hakuna cha upande wa pili, nikasikia kanga ya mtu ikichakacha nyuma yangu kwa kasi.

"Shikamoo, baba," Rehema alisema, kwa kuwa adabu haisubiri pumzi. "Njoo. Inapoa."

Nilimkuta Mama Sharifa amesimama mbele ya kabati, simu mkononi, anabonyeza, anabonyeza. Feni inavuma kama kawaida. Namba ilikuwa imeshuka mpaka thelathini na moja.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimeangalia, imeandika imefungwa. Nikasema fundi kasahau. Nikafungua."

"Funga."

"Nifunge?" Sauti ilimpanda. "Inapoa hivi, halafu nifunge? Unataka niyaue mayai ya watu?"

"Mama Sharifa, ukifunga ndiyo umeme unapita."

"Bomba nikifungua, maji yanatoka. Mlango nikifungua, mtu anapita. Redio nikifungua, inaongea. Umeme wako wewe ni wa nchi gani, unafunguliwa ndiyo unakatika?"

Vijana, nilikuwa na jibu. Ndani ya breka mna ndimi mbili za shaba. Zikigusana, njia imefungwa, umeme una pa kupita. Zikiachana, njia imefunguka, umeme unabaki hewani. Mafundi wa dunia nzima wanasema hivyo. Na hata sisi tukimwunganishia mtu umeme nyumbani tunasema tumemfungia umeme. Jibu lilikuwa zuri na lilikuwa sahihi, na mayai yalikuwa yanapoa huku nikilitamka. Rehema ndiye aliyenikatiza.

"Baba, utafundisha baadaye. Bonyeza."

Nikabonyeza FUNGA. Mama Sharifa akafumba macho. Ndani ya boksi kukalia tak, na baada ya muda koili ikaanza kutoa ile harufu ya vumbi linalopata moto. Namba ikasimama. Kisha ikapanda kidogo, kwa uvivu wa kuudhi. Mimi nilizunguka chumba, nikatoka nje, nikarudi. Mama Sharifa alisema nikae, nampandisha presha.

Sikuweza kukaa, basi nikafungua laptopu. Nikamuuliza, kama ungekuwa mbali, ukampigia wifi yako afanye haraka, ungempigia kelele neno gani?

"Joto," akasema hapo hapo.

"Na likizidi?"

"Ningesema baridi. Weka baridi."

Nikafuta FUNGA na FUNGUA, nikaandika JOTO na BARIDI. Maneno hayana P, nilimshukuru Mungu. Juu yake, badala ya hali ya breka, nikaandika INAPASHA na HAIPASHI. Hapo palikuwa na P mbili. Nilizitoa kwenye neno pampu lililokuwa kwenye faili la zamani. Rehema akauliza, na huko kwenye pampu itakuwaje? Nikamwambia MAJI na KAVU. Akafikiri, akasema hata yeye angeiweza kazi hii. Nadhani ni kweli.

Ninyi mnaokuja, breka mtaiflashi vizuri kuliko mimi. Macho yenu ni mazima na mnajifunza kwa video. Lakini kabla ya kuandika neno juu ya kitufe, muulizeni mwenye kukibonyeza neno analopiga kelele akiwa na haraka. Liandikeni hilo. Liwe la Kisubi, liwe la Kihangaza, liwe kosa la sarufi, liandikeni.

Namba ilirudi thelathini na saba na nusu, na kwa kuwa nilikuwa nimeirudisha kwenye kanuni zake, breka ikakata yenyewe. Lakini namba ni ya hewa, haisemi habari za ndani ya yai. Mama Sharifa alizima taa ya chumba, akavingirisha kipande cha boksi kama bomba, akawasha tochi ya simu. Akachukua yai lenye alama ya jembe, akalisimamisha juu ya mwanga.

Yai likawa jekundu na kiza kimejaa upande mmoja. Hakuna kilichotikisika. Akangoja. Akaligeuza. Akalirudisha mahali pake, akachukua la msalaba. Hilo nalo, kimya. Nilisikia Rehema anasoma dua kwa sauti ya chini.

La tatu lilikuwa la samaki. Mama Sharifa alilishika muda mrefu kuliko mengine, na mkono wake ulikuwa imara, mkono ambao mimi leo ningelipa kuupata. Halafu kile kiza kikapiga teke. Teke moja, ukingoni kabisa, na mshipa ukatetemeka. Kikageuka. Kikapiga tena.

Akanisogezea nione. "Huyu hatulii," alisema. "Kama wewe."

Akachukua la mwezi, nalo likacheza. Akachukua mengine ya safu ya chini, moja baada ya moja, sasa kwa haraka, na mengi yalikuwa yanasukumana na maganda yao. Akarudi kwenye lile la jembe. Alilikaribisha kwenye mwanga, akalipulizia, akalitukana kidogo kwa Kisubi. Kiza chake kikajipinda ndani mara moja, kivivu, kama mtu aliyeamshwa mapema. La msalaba halikusema kitu, akalirudisha hata hivyo. Alisema mwenye yai hilo ni mkali, huenda na kifaranga kinamwogopa.

Alipowasha taa aliniuliza kama nimekwisha chukua chumba kule barabarani. Nikasema bado.

"Usichukue. Utalala hapa mpaka yapasuke."

Nilimweleza kwamba breka sasa haina neno, kwamba kanuni zake nimezijaribu, na kwamba kesho asubuhi nilikuwa na mpango wa kuendelea na safari. Aliniuliza safari ya kwenda wapi. Nilitafuta mji wa kutaja na sikuupata upesi.

"Basi," alisema.

Kulikuwa na stoo iliyopakana na chumba cha mashine, ukuta wa mbao kati yake. Rehema aliburuta magunia ya mahindi upande mmoja, akatandika godoro upande wa pili, akaleta shuka lenye harufu ya sabuni na bakuli la ndizi na maharage. Akasema choo kiko nyuma, jogoo ni mkorofi, nisimjibu. Nikaweka begi chini. Nilikaa ukingoni mwa godoro nikiwa bado na viatu, kama ninavyokaa kila mahali siku ya kwanza.

Kupitia mbao nilisikia feni inavuma, na breka ikipiga tak yake, mara joto, mara baridi. Kisha, katikati ya mivumo, nikasikia sauti nyembamba, pii, iliyotoka ndani ya ganda lililofungwa bado. Upande wa pili nilimsikia Mama Sharifa akisogea kwenye kabati, naye anasikiliza. Ikaja tena. Nikavua viatu.